Mazabodi Mpya, Leseni Ile Ile

Msikilizaji, kompyuta imerudi kutoka kwa fundi, inawaka vizuri, lakini Windows inadai haina leseni. Usikimbilie kununua nyingine. Windows 10 na 11 huitambua mashine kwa vifaa vilivyomo ndani yake. Kuongeza ramu au kubadilisha diski kwa kawaida hakuleti shida. Lakini ikibadilishwa mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, Windows huiona kompyuta hiyo kuwa ngeni kabisa.

Kwa hiyo jiandae kabla ya matengenezo: fungua Mipangilio, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, uhakikishe leseni imeunganishwa nayo. Kompyuta ikirudi, washa intaneti, ingia kwa akaunti hiyo hiyo, nenda sehemu ya uwezeshaji, uendeshe kitatuzi cha matatizo na kueleza kwamba umebadilisha kifaa.

Leseni iliyonunuliwa peke yake huhamishika. Iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida hubaki na mashine ile ya kwanza, na hapo ndipo wengi huumia. Muulize muuzaji leseni ni ya aina gani kabla hujalipa.

Na akitokea mtu wa kukuambia uzime kinga ya virusi ili akuwekee programu ya kuvunja leseni, tafadhali mkatalie. Programu hizo mara nyingi hubeba virusi vinavyoiba nywila.