Kukimbia kwa Miguu Mitupu: Mazungumzo na Wakazi wa Kabuta



Huenda mkashangaa kwamba polisi wamekuja kuzungumza juu ya nyayo za watu. Sababu ni kwamba yako maneno mawili tunayoletewa mara kwa mara. La kwanza ni la wazazi: kwamba mtoto asiye na viatu azuiwe kukimbia, kwa maana ataharibika miguu. La pili ni zito zaidi. Mtu akionekana anakimbia pekupeku kabla ya jua kuchomoza, husemwa kuwa ni mwizi, au kuwa amevuka ziwa usiku na anajificha.

Tunalianza la pili kwa kuwa ndilo linalotuhusu moja kwa moja. Kukimbia bila viatu si kosa, wala wayo mtupu hauonyeshi mtu ametoka ng'ambo ipi ya Mweru. Vijana wengi wa hapa, wa lugha zote, hufanya mazoezi alfajiri kwa sababu mchana wana kazi za nyavu na mitumbwi, au wana masomo. Ukimshuku mtu, tuite; usimkimbize, usipige yowe la mwizi. Yowe hilo limewaua wasio na hatia katika nchi nyingi za ukanda wetu, na umati ukishaokota mawe hakuna anayeuliza mtu alikuwa akikimbilia nini.

Sasa tuje kwenye miguu yenyewe. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu, akaimaliza wa kwanza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Wapenda miguu mitupu husimulia habari hiyo na kuishia hapo. Sisi tutaongeza kwamba miaka minne baadaye, mjini Tokyo, mtu yule yule alivaa viatu na soksi, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi. Anayemwita Bikila awe shahidi wa upande mmoja anamwonea.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi uliowahusisha pia wakimbiaji Wakalenjin wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino hufuata, na kishindo cha kutua huwa kidogo. Aliyezoea viatu vyenye kisigino kinene hutua kwa kisigino kwanza, kwa kuwa soli inamkinga na maumivu. Jambo hilo halikukaa hivyo muda mrefu. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba wanapokimbia kwa mwendo wao wa kawaida wengi hutua kwa kisigino. Kwa hiyo hakuna namna moja ya kukimbia iliyo ya asili kwa watu wote. Mwendo, ardhi na mazoea ya mtu vyote vina sehemu yake.

Kwa mzazi mwenye hofu, tuna habari iliyo njema zaidi. Huko India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba nyayo bapa, yaani zisizo na uvungu, zilipatikana kwa watoto 8.6 katika kila mia ya waliovaa viatu, na 2.8 tu katika kila mia ya waliokwenda pekupeku. Waliovaa viatu vya kufunika vidole ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi kuliko wa ndara. Mguu wa mtoto una misuli midogo mingi ambayo hupata nguvu kwa kufanya kazi. Kwa hiyo mtoto asiye na viatu hapaswi kuwekwa kando wakati wenzake wanashindana mbio. Aibu anayotiwa humwumiza kuliko mchanga.

Lakini yuko kijana wa aina nyingine ambaye tunamwonya. Huyu amevaa raba nene za salaula miaka yote, kisha amesikia kwamba soli nyembamba ndiyo siri ya mabingwa. Anazivua leo, na leo hiyo hiyo anakimbia kilomita kumi juu ya lami. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wakimbiaji 36 kwa wiki 10, baadhi yao wakihamia viatu vyembamba vyenye vidole kama glavu. Zaidi ya nusu ya waliohamia walionekana, kwa picha za hospitali, kuwa na maji yaliyojikusanya ndani ya mifupa ya mguu, dalili kwamba mfupa umelemewa. Kampuni iliyouza viatu hivyo, Vibram, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai wameahidiwa faida zisizothibitishwa, ingawa haikukiri kosa. Anayetaka kubadili na aanze kwa kutembea, kisha akimbie dakika chache juu ya udongo laini, aongeze polepole kwa miezi. Maumivu ya shavu la mguu yanayokwisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa yanayoongezeka kila siku, au ya kano ya kisigino, yanataka kupumzika na kuonana na mganga wa zahanati.

Mengine ni ya ardhi yetu hii. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo huku kwetu vilimalizika Mbala mnamo Novemba 1918, maelfu ya askari na wapagazi walitembea pekupeku, na funza aliwalemaza wengi. Yupo hata leo. Akiingia, mtoeni kwa sindano safi isiyopita kutoka mguu wa mtu hadi mguu wa mwingine. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya wayo penye mchanga wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, nayo hunyonya damu ya mtoto kimya kimya; kwa hiyo choo ni kinga kubwa kuliko kiatu. (Kichocho ni habari nyingine: kinaingia ukiwa ndani ya maji, na ndara haikizuii.)

Pale mitumbwi inapotua na chisense inapoanikwa, mchanga una ndoana, miiba ya kambare, vipande vya chupa na misumari. Hapo asikimbie mtu bila viatu, awe bingwa au asiwe. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Na mwenye kisukari, au aliyepoteza hisia miguuni kwa ukoma, asitembee pekupeku hata uani kwake, kwa kuwa ataumia asijue. Asiye na uwezo wa kununua viatu vya dukani, ndara za tairi zinamtosha.

Wanaokimbia barabarani gizani wavae nguo nyeupe na wakimbie wakiyaelekea magari. Uwanja wa mpira ni bora kuliko barabara, ila mwingine umejaa vioo. Wenyeviti wa vijiji wanaotaka kuusafisha walete neno kituoni siku mbili kabla. Reki na toroli tutazileta sisi, na tutaokota pamoja nanyi.