Zamu Ikibadilika, Daftari Lisisimame



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kutunza kumbukumbu katika kompyuta. Nianzie hapa bondeni kwetu. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuandikisha watu wa vijiji vya Kilombero na Ulanga. Waandikishaji walipita kila kaya kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Mtoto aliyeishi wiki moja tu pengine hana maandishi mengine duniani ila mstari ule mmoja. Mstari huo haufai kupotea.

Ndiyo maana kumbukumbu za namna hiyo zinastahili seva mbili: seva kuu inayopokea kazi, na seva ya akiba inayoifuata. Seva kuu huandika kila badiliko katika logi, yaani daftari la mabadiliko, zenye namba zinazofuatana, na kuzituma kwa mwenzake. Logi zilizojaa huwekwa ghalani. Logi ya 41 ikikosekana, ya 42 haitumiki hata kama unayo mkononi.

Siku ya matengenezo seva hubadilishana zamu. Ya akiba inakuwa kuu, na kuu ya jana inakuwa ya akiba. Kazi inaendelea, watumiaji hawaoni tofauti, na fundi anakwenda kulala. Hapo ndipo penye hatari. Pengine seva kuu mpya haikuagizwa impelekee nani logi zake. Pengine agizo la kuweka ghalani linaihusu seva kuu peke yake. Katika programu ya PostgreSQL, "archive_mode" ikiwa "on", seva ya akiba haiweki ghalani logi inazozipokea. Ikiwa "always", inaziweka.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kulala fundi afanye mambo matatu. Afunge logi moja kwenye seva kuu mpya. Ahakikishe namba ile ile imefika kwa mwenzake na imetumika. Kisha alione faili lenyewe ghalani. Wala asifute logi yoyote ambayo mwenzake hajaitumia.

Wanafunzi mnalijua jambo hili. Kiranja wa zamu hakabidhi ufunguo peke yake. Hukabidhi na daftari, na anayepokea hulifungua akalisoma.