Faili za Majaribio ya Kengele za Moshi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama)



Kamati ndogo imetutuma tuwaelezeni habari za zile kengele za moshi ambazo chama chetu cha akiba kilitaka kuwanunulia wanachama. Wako walionung'unika kwamba kamati inakawia na fedha zimelala bure. Ni kweli tumekawia, na sababu yake ndiyo tuliyokuja kuisema leo.

Wote mwaukumbuka ule moto wa landhi. Waya uliopita nyuma ya kitanda ulipata joto, godoro la sponji likaanza kuungua pole pole bila ndimi za moto, na moshi ukajaa chumbani watu wamelala. Kilichowaamsha ni kilio cha mtoto mchanga. Walitoka wote wazima, lakini vyombo vyote viliteketea. Baada ya hapo mkutano huu ukasema tununue kengele za moshi, nyumba kwa nyumba, nasi tukaenda mjini kwa mwuzaji.

Mwuzaji alitupokea vizuri, hata chai alitupa. Alituonyesha kisanduku cheupe, ukubwa wa kisahani cha kikombe, akabonyeza kitufe kikalia mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. Akasema, "Hii imepimwa, tazameni stika." Tukamwuliza imepimwa kwa moto wa namna gani, na ilichukua dakika ngapi kabla ya kulia. Akajibu kwamba hayo ni siri ya kiwanda. Tukamshukuru kwa chai, tukarudi na fedha zetu.

Ndugu, sisi ni watu wa reli. Dereva hakubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba breki zimepimwa. Hutaka karatasi yenye sahihi ya aliyepima, na ajali ikitokea karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa. Je, kitu cha kulinda watoto usiku kitastahili kupimwa kwa maneno? Kubonyeza kitufe huonyesha kwamba betri ina nguvu na mlio upo. Hakutuambii kengele itautambua moshi wa godoro baada ya dakika ngapi.

Na neno hili la dakika ndilo kubwa, maana kengele hizi ni za namna mbili. Namna moja ina chembe ndogo ya madini yaitwayo amerikiamu, nayo huwahi kulia moto ukiwaka kwa ndimi. Namna ya pili ina taa ndogo ndani, moshi ukiingia hutawanya mwangaza wake na kengele hulia. Hiyo ya mwangaza huwahi zaidi moto ukiungua pole pole kwa moshi mwingi, kama ule wa landhi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote ni visanduku vyeupe.

Mtauliza tumeyajuaje hayo ikiwa mwuzaji alikataa kusema. Tumeyajua kwa sababu Serikali ya Marekani ilizipima, ikayaandika matokeo, na maandishi yako wazi kwa mtu ye yote. Katikati ya miaka ya 1970 walizijaribu ndani ya nyumba halisi huko Indiana, nyumba zilizokuwa zikingoja kubomolewa. Halafu taasisi yao ya viwango, iitwayo NIST, ikarudia kazi hiyo na kutoa ripoti yake mwaka 2004. Ndani yake mna jambo lililotushtua. Katika majaribio ya 1975, moto wenye ndimi ulimpa mtu kadiri ya dakika 17 kabla nyumba haijawa mahali pa kufa. Katika majaribio mapya zilibaki kadiri ya 3. Vitu vya nyumbani vya siku hizi, vyenye sponji na mfano wake, huwaka upesi kuliko vile vya zamani.

Fikirini mtu mwenye watoto watatu na mama mzee, dakika 3 gizani.

Kwa kuwa ripoti ile ilikuwa wazi, watu wa zima moto, wazazi na wajumbe wa mabaraza waliweza kubishana juu yake wakiwa na tarakimu mkononi. Jimbo la Vermont likaweka sheria ya kutaka kengele ya mwangaza katika nyumba. Majimbo mengine hayakufanya hivyo, na ubishi ungaliko. Lakini wanabishana juu ya kitu walichokisoma. Sisi kwa mwuzaji wetu tulibishana na stika.

Lakini tusidanganyane kwamba huko kila faili iko wazi. Marekani ina sheria ya mwaka 1966 inayompa mtu haki ya kuomba maandishi ya Serikali. Ina pia Tume ya usalama wa bidhaa za nyumbani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Sheria hiyo ya pili ina kifungu kinachosema kwamba kabla Tume haijatoa habari inayomtaja mwenye kiwanda, sharti impe taarifa kwanza, naye apate nafasi ya kujibu, na Tume ihakikishe kwamba habari ni sahihi na ya haki. Katika miaka ya 1970 vyama viwili vya raia viliomba ripoti za ajali za televisheni, kwa kuwa seti nyingine zilikuwa zikiwaumiza watu majumbani. Tume ilikubali kuzitoa. Wenye viwanda wakaenda mahakamani kuizuia, na mwaka 1980 Mahakama Kuu yao ikaamua kwamba kile kifungu chamfunga hata mwombaji wa faili. Televisheni zenyewe wakati huo zilikuwa zimekwisha kuzeeka.

Hapa kamati yetu iligawanyika, nasi hatuoni haya kuisema. Wengine walisema kifungu kile ni hila ya matajiri. Mzee mmoja wa kamati akatukumbusha kwamba Chama hiki kila siku chapigania mfanya kazi asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Dereva akishitakiwa kwamba alipita ishara, je, twataka jina lake libandikwe ukutani kabla ya uchunguzi? Basi na mwenye kiwanda apewe nafasi ya kusema. Tulimkubalia. Ila dereva husikilizwa kwa siku zilizowekwa, hata mwisho hukumu ikatoka. Mwaka 2008 Wamarekani wenyewe walipunguza muda wa taarifa kutoka siku 30 hadi 15, na tangu 2011 raia aweza kuandika madhara aliyoyapata katika orodha ya Tume, yakasomwa na watu wote, pamoja na majibu ya kiwanda. Jambo hilo kamati nzima ililipenda: lalamiko na jibu lake katika ukurasa mmoja.

Sasa turudi kwetu. Wako waliosema mkutanoni, "Sisi ni nani hata tuitake Serikali faili?" Ndugu, sisi ni raia, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Tumeisoma kwa shida, maana Kiingereza chake ni cha mawakili, lakini yako mambo mepesi. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hilo si fadhili ya karani, limeandikwa katika sheria yenyewe. Asiyeweza kuandika husema kwa mdomo na ofisa humwandikia. Huna lazima ya kueleza sababu yako. Jibu lapasa kutoka katika siku 21, na habari ikihusu uhai wa mtu, katika saa 48. Ukinyimwa, waenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi twaiita Ombudsman.

Sheria hiyo yalinda pia siri za biashara, na huenda tukajibiwa kwa kifungu hicho. Lakini yasema vile vile kwamba faida ya umma ikizidi hasara, Mahakama yaweza kuamuru faili ifunguliwe. Na sisi hatuombi kujua kisanduku kile huundwaje. Twaomba kujua kililia baada ya dakika ngapi.

Karatasi hizo lazima ziko mahali. Tangu mwaka 2005 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, lina mpango wa kukagua bidhaa huko ng'ambo kabla hazijapakiwa melini, na bidhaa hupewa cheti. Cheti hakitoki hewani, nyuma yake mna ripoti ya aliyepima.

Basi kamati imeandika barua kwa Shirika hilo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Yauliza juu ya kengele ile, kwa jina na namba iliyo nyuma ya kisanduku, mambo manne: ni ya madini au ya mwangaza, ilipimwa kwa kiwango gani na lini, ilipimwa kwa moto wa kuungua pole pole au wa ndimi tu, na ni ngapi zilizopimwa na ngapi zilizoshindwa. Hilo la mwisho lilitaka kufutwa na wenzetu waliosema litawaudhi wakubwa. Limebaki.

Fedha za kengele zitakaa benki mpaka jibu lije, na siku zitahesabiwa tangu tarehe ya muhuri wa kupokelewa. Wakati huo huo kila mwanachama atazame nyaya za nyuma ya kitanda chake, usiku huu huu. Barua iko mezani kwa Bwana Katibu. Wanaotaka kutia sahihi waje na kitambulisho, na wale wa zamu ya usiku watangulie, maana saa yao imekaribia.