Kuelewa Matatizo ya Akili, Vyanzo na Uainishaji Wake: Mgonjwa Anayepotelea Kwenye Mstari Mmoja

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya msingi, Machakos



1. Utangulizi

Nimepewa kichwa kirefu na dakika arubaini. Barua ya mwaliko inanitaka nieleze maana ya matatizo ya akili, vyanzo vyake na namna yanavyoainishwa. Nitafanya hivyo, ila sehemu za mwanzo nitazipita mbio kwa sababu wengi humu walizisoma chuoni na kuzifanyia mtihani. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo nimelipigania tangu nianze kazi ya uuguzi wa afya ya akili. Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu binafsi, si msimamo wa idara wala wa kaunti.

2. Maana

Tatizo la akili ni hali inayovuruga fikra, hisia au mwenendo wa mtu kiasi cha kumtesa au kumzuia kufanya shughuli zake. Mambo ya kupima ni muda na kiasi. Kulia matangani si ugonjwa. Sonona, ambayo wengi wetu huiita depresheni, hutajwa pale mtu anapokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umezama au hana hamu ya lolote, huku usingizi, chakula na nguvu za mwili navyo vikimtoka. Hayo mnayajua. Tuendelee.

3. Vyanzo

Hakuna chanzo kimoja. Tangu George Engel aandike mwaka 1977 kwamba ugonjwa utazamwe kwa mwili, nafsi na jamii kwa pamoja, hatujapata njia iliyo bora zaidi ya kufundisha somo hili. Kuna urithi wa damu. Kuna majeraha ya ubongo: mtoto aliyechelewa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya boda boda bila kofia. Kuna chang'aa na muguka. Kuna kipigo nyumbani, deni, mvua kukosa misimu miwili mfululizo.

Kuhusu kurogwa na mapepo, sina ugomvi na mtu. Familia ikiniambia imerogwa, nasikiliza, kwa sababu inanieleza jinsi inavyoteseka. Jirani zetu wa Makueni, waliokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, wametuonyesha njia: wataalamu wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, chini ya Profesa David Ndetei, walikaa chini na waganga wa kienyeji na wahubiri, wakawafunza kutambua sonona na kuelekeza wagonjwa kwenye vituo. Mganga huyo huyo tunayemkemea barazani ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa wetu.

4. Uainishaji

Dunia inatumia vitabu viwili. Cha kwanza ni ICD, cha Shirika la Afya Duniani. Toleo lake la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Cha pili ni DSM, cha Wamarekani, ambacho toleo lake la tano lilitoka 2013. Makundi makubwa mnayafahamu: skizofrenia na ndugu zake, magonjwa ya hisia, yaani sonona na baipola, wasiwasi uliopindukia, yanayotokana na mshtuko, uraibu, matatizo ya ukuaji kama usonji na ulemavu wa akili, na kusahau kwa uzeeni. Katika ICD-10, ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo, haya yote yako chini ya herufi F. Kifafa hakimo. Kifafa kiko chini ya G, pamoja na magonjwa ya neva. Naomba mwikumbuke herufi hiyo, nitairudia.

Uainishaji haukuanza na vitabu hivyo, na haujawahi kuwa kazi ya daktari peke yake. Mwaka 1911, hapa hapa Ulu, yaani Machakos, watu wengi walipopagawa wakiwafuata Siotune wa Kathuke na Kiamba, wakoloni waliliona jambo lile kuwa wazimu ulioenea, na wawili hao wakahamishwa mbali na kwao. Leo ICD-11 inasema kupagawa kunakokubalika katika mila au dini ya watu si ugonjwa. Miaka zaidi ya mia moja imepita kati ya hukumu hizo mbili. Anayeshika kalamu ndiye anayeamua nani mgonjwa na nani mkorofi.

5. Mstari mmoja

Sasa nifike kwenye shida yangu. Wenzangu niliofanya nao kazi wataguna, maana wameisikia mara nyingi.

Vitabu vya uainishaji vina kurasa mamia. Lakini fomu ya muhtasari wa mwezi niliyoijaza kwa miaka mingi, 705B ya wagonjwa wa nje waliozidi miaka mitano, ilikuwa na mstari mmoja tu wa magonjwa ya akili. Mwenye skizofrenia, mama mwenye sonona, kijana wa muguka, mzee anayesahau njia ya kurudi kwake: wote ni kijiti kimoja kimoja kwenye mstari ule. Mwisho wa mwezi vijiti hujumlishwa, namba inapanda juu, na hapo ndipo uainishaji wetu wote unapoishia.

Hata mstari huo mmoja haujai. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilieleza katika ripoti yake ya 2020 kwamba hadi asilimia 25 ya wagonjwa wa nje na asilimia 40 ya waliolazwa wana tatizo la akili la namna fulani. Sasa chukua rejista ya zahanati yako na uhesabu. Mimi nimehesabu. Nimekuta miezi mizima yenye sifuri, katika zahanati inayopokea watu tangu asubuhi hadi jioni. Ama kaunti yetu ina heri kuliko Kenya nzima, ama tunaandika kitu kingine.

Tunaandika kitu kingine. Niwaonyeshe.

Mama mmoja kutoka upande wa Mwala alinijia na kitabu chake cha hospitali, kile cha shule cha kurasa 32, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Nilikisoma chote. Ziara ya kwanza: kichwa kuuma, malaria, dawa. Ya pili: mwili kuwaka moto, taifodi, dawa. Ya tatu: tumbo, vidonda vya tumbo, dawa. Ya nne: moyo kwenda mbio, presha ikapimwa ikawa sawa, akapewa za maumivu. Ziara sita, miandiko mitano tofauti, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao mtu aliandika amelala saa ngapi. Nilipomuuliza, alitazama sakafu kwanza. Kisha akasema kwa Kikamba kuwa si ugonjwa, ni kusuania tu, kuwaza kupita kiasi. Mume yuko Athi River, pesa haziji, na tangu mwaka uliopita huamka saa nane za usiku akakaa jikoni hadi kuche. Mama huyu alikuwa amehesabiwa mara sita katika takwimu zetu. Mara zote sita hakuwa kwenye mstari wake.

Upande wa pili, kuna wanaoingizwa kwenye mstari huo na si wao. Kijana wa miaka kumi na minane aliletwa na babake. Kwenye rejista ya kituo alikotoka, ambacho sitakitaja, palikuwa na neno moja: "kichaa". Kwa kuwa aliandikwa kichaa, alipewa dawa ya kichaa, kloropromazini. Kijana alikuwa na kifafa. Kloropromazini huweza kurahisisha mtukutiko kwa mwenye kifafa, basi akawa anaanguka mara nyingi zaidi, na kila akianguka kijiji kilizidi kuamini kilichoandikwa. Babake aliniambia kuwa shuleni walishamkataa. Ile herufi G niliyowaomba mwikumbuke ndiyo hii. Tofauti ya F na G kwa mtahini ni alama moja. Kwa kijana huyu ilikuwa madarasa mawili ya shule na kovu la moto begani.

Na wapo ambao sheria yenyewe ilitufundisha kuwaficha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo familia zilisema ni ajali, nasi kwa huruma au kwa woga tukaandika ajali. Mahakama Kuu ilitangaza tarehe 9 Januari 2025 kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huruma ile haina sababu tena, lakini kalamu zimezoea.

Kosa hili la kuhesabu lina historia. Dkt. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alishikilia kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Aliwahesabu nani? Waliofikishwa Mathari walikuwa wale waliovunja vitu, waliopigana, waliookotwa na polisi. Aliyeamka saa nane za usiku akakaa jikoni hakuletwa. Mwaka 1979 watafiti Orley na Wing walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: walienda nyumba kwa nyumba, wakakuta wanawake wenye sonona wengi kuliko wale wa Camberwell, London. Mwaka huo huo Ndetei na Muhangi walionyesha kuwa katika kliniki ya kawaida ya mashambani hapa Kenya, mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la akili. Carothers tunamcheka darasani. Fomu yetu inafanya alivyofanya yeye: inamwona anayepiga kelele.

Madhara yake mnayaona dirishani kwa mfamasia. Dawa huagizwa kwa kuangalia matumizi ya nyuma na idadi ya wagonjwa. Kituo chenye sifuri hakiagizi fluoksetini, na KEMSA, wasambazaji wa dawa wa serikali, haileti kisichoagizwa. Daktari asiye na fluoksetini haoni faida ya kuandika sonona, basi anaandika taifodi, na sifuri inabaki sifuri. Nimeliandikia jambo hili memo nne. Mbili zilijibiwa, kwamba "limezingatiwa". Mwaka mmoja nilichukua rula nikachora mistari ya ziada kwa kalamu nyekundu. Nikaitwa nikaelezwa, kwa upole, kuwa fomu za wizara haziongezwi mistari. Naheshimu utaratibu. Lakini hakuna kanuni ninayoijua inayomkataza muuguzi kuwa na daftari la pili.

6. Mapendekezo

Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, napendekeza:

1. Kila kituo kiwe na daftari dogo la ndani lenye mistari saba: skizofrenia na saikosisi nyingine, baipola, sonona na wasiwasi, uraibu, matatizo ya ukuaji wa watoto, kusahau kwa uzeeni, jaribio la kujidhuru.

2. Kifafa kiwe na ukurasa wake. Kisiwekwe tena kwenye mstari wa akili.

3. Neno "kichaa" lisiandikwe kwenye rejista yoyote. Asiyejua jina la ugonjwa aandike alichokiona: "hasemi", "anasikia sauti", "halali".

4. Mgonjwa anayerudi mara ya tatu kwa maumivu yasiyo na jibu aulizwe maswali mawili kabla ya kipimo kingine: unalalaje, na bado kuna kinachokufurahisha?

5. Maswali hayo yaulizwe kwa lugha anayowazia. Neno "depresheni" halimwambii kitu mama wa Mwala. "Kusuania" linamwambia.

6. Jaribio la kujidhuru liandikwe hivyo, na mgonjwa asiondoke kabla ya kuzungumza na mtu aliyefunzwa.

7. Waagizaji wa dawa waone takwimu za daftari hilo, si za fomu peke yake.

8. Wahudumu wa afya ya jamii waongezewe maswali ya usingizi na huzuni wanapotembelea nyumba, maana hao ndio wanaofika jikoni.

9. Waganga na wahubiri waalikwe kama walivyofanya Makueni, na wapewe namba ya simu ya kituo.

10. Kaunti, ambayo Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imeipa wajibu wa huduma hizi, iombe wizara rasmi kuongeza mistari kwenye fomu.

11. Hadi ombi hilo lijibiwe, narudia la kwanza: daftari.

12. Kifafa kiwe na ukurasa wake. Najua nimeshasema.

7. Hitimisho

Bwana Mwenyekiti, wengi wetu hatutapewa kazi ya kuandika ICD-12. Uainishaji wetu ni ule mstari tunaoujaza Jumatatu saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni na mtoto analia. Yule mama wa Mwala sasa ana ukurasa wa saba kwenye kitabu chake, na kwenye ukurasa huo kuna jina la ugonjwa wake. Anatumia dawa, anakuja kila mwezi, na mara ya mwisho aliniambia alilala hadi jogoo akawika. Kwenye fomu yeye bado ni kijiti kimoja kati ya vijiti.

Karibu na mlango nimeweka madaftari hamsini, nimeyapiga mistari mwenyewe. Kila kituo kichukue moja, na atakayechukua aandike jina la kituo chake kwenye karatasi iliyo kando, kwa sababu baada ya miezi mitatu nitapiga simu kuuliza. Gharama ni yangu, kwa hivyo naomba kurasa zisiishie kufungia mandazi.