Tuzibe njia ya mvua, tusizibe njia ya hewa



Tuliporudi Lubunga kisha fujo ya 2023, tulijenga mbio-mbio. Mvua ya Kisangani haina likizo, na wezi tuliwaogopa. Basi tukaziba matundu yote ya hewa kwa matope. Kuta zikaota ukungu, watoto wakakohoa. Usiku mmoja, mama mmoja aliingiza mbabula ndani juu nguo zikauke. Waliamka vichwa vinauma, mtoto amezimia. Mungu alisaidia, mlango ulifunguliwa mapema. Sumu ya makala haionekani, wala hainuki.

Sasa tumepatana hivi. Kila chumba kiwe na matundu mawili juu ya ukuta, yanayotazamana, yenye wavu wa mbu. Mbabula inabaki inje. Cha kuziba ni manjanja: msumari upigwe mgongoni mwa wimbi, si bondeni, na kipande cha mpira wa toleka chini ya kichwa chake.

Wafadhili, aksanti kwa manjanja; mukiweza, mutuongezee wavu. Wanamemba, Siku ya Posho tunaanza kwa wajane. Kila mutu aje na nyundo.