Kwenda Kuonana na Ndugu kwa Eropleni

Somo letu la jioni hii ni safari ya hewani. Wengine wenu mmekwisha kupanda eropleni mara nyingi, nanyi mtanivumilia. Lakini najua wako wengi ambao safari yao ya kwanza ingali mbele, nao wanaiogopa kidogo, ila hawapendi kusema. Basi sitawasomea kanuni. Nitawaeleza safari niliyokwenda mwezi wa Agosti, 2024, pamoja na bibi yangu mzaa mama, toka Mwanza mpaka Unguja, kumwona mdogo wake.

Bibi ni mtu wa Ukerewe, naye alizaliwa mwaka 1946. Mtumbwi na meli havimtishi hata kidogo. Kilichomtisha ni hewa. Mdogo wake aliolewa na fundi seremala wa Unguja, na mara ya mwisho kuonana ilikuwa mwaka 1981. Nalimwuliza, kwa nini wasizungumze kwa simu tu, maana simu anayo. Akanijibu, "Mume wangu," kwa kuwa bibi zetu hutuita hivyo wajukuu wa kiume, "liko neno moja ambalo simu hailibebi." Sikumwuliza zaidi.

Sasa nitawaambia aibu yangu. Mimi ni afisa elimu, nina diploma ya chuo kikuu, na tikiti nalikata mimi. Usiku wa kuamkia safari, Bibi akaniomba aione. Nikampa ile karatasi kama mtu anayempa mtoto kitu cha kuchezea. Akavaa miwani yake, akaweka kidole chini ya maneno, akasoma polepole mpaka mwisho. Kisha akainua uso akasema, "Huyu anayesafiri kesho ni nani?" Nikatazama. Nalikuwa nimeandika jina lake la ubatizo na jina la marehemu babu, kama tunavyomwita nyumbani. Kitambulisho chake kina jina la baba yake. Mwenye tikiti ile na mwenye kitambulisho kile walikuwa watu wawili, na kiwanjani wangaliweza kumrudisha mlangoni. Ikanibidi kupiga simu usiku ule ule na kulipa fedha ya kusahihisha. Bibi hakunicheka, ila kila aliyemwuliza habari za safari alimweleza kisa hicho kwanza.

Labda mtapenda kujua alisomea wapi. Tangu mwaka 1968 hadi 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO, na vitabu vyake vilihusu kazi za watu wenyewe, kama vile pamba na uvuvi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi aliingia darasani mwaka huo, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni mama yangu.

Asubuhi tulifika kiwanjani saa mbili kabla ya ndege kuruka, na hivyo ndivyo ninavyowashauri ninyi. Kile kisu kidogo cha kumenyea machungwa, ambacho Bibi hatembei bila hicho, tulikitia katika mzigo mkubwa unaokwenda tumboni mwa ndege. Kingalikuwa mkobani kingalichukuliwa. Samaki wa kukausha nao tuliwafunga mara tatu. Hata hivyo walijitambulisha.

Ndege ilipoanza kukimbia, Bibi alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tulipopanda, akachungulia dirishani akaona ziwa na visiwa vyake, akaniachia. Kisha akachukua ile karatasi ya maelezo iliyo mbele ya kila kiti, ambayo abiria wengi hawaigusi, akaisoma upande huu na upande huu. Alipofika kwenye boya lililo chini ya kiti akasema, "Kumbe hawa nao wanajua habari za maji!" Tangu hapo akatulia.

Haukupita muda akalalamika kwamba masikio yameziba. Hebu nieleze, maana hili huwatia watu hofu bure. Nyuma ya pua mna kijia chembamba kinachofika ndani ya sikio. Ndege inapopanda, hewa iliyo chumbani hupungua nguvu yake ya kusukuma, lakini ile iliyofungwa ndani ya sikio bado ina nguvu ya chini, nayo huisukuma ngoma ya sikio kutoka ndani. Ukimeza mate, au ukipiga miayo, kijia hufunguka na hewa za pande mbili husawazika. Wakati wa kushuka mambo hugeuka: hewa ya nje ndiyo yenye nguvu zaidi, na kijia hakifunguki upesi. Kwa hiyo usilale ndege inaposhuka, na mtoto mchanga anyonyeshwe. Mwenye mafua makali ni heri amwone mganga wa hospitali kabla ya kusafiri.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, fanya kama nilivyomfanyia Bibi. Tulipokuwa juu kabisa alimaliza maji yake, nikaifunga chupa ile ya plastiki kwa nguvu. Huko juu, kiasi cha meta 10,000, nje ya dirisha baridi hufika digrii 50 chini ya sifuri, na hewa ni haba hata mtu hawezi kuishi. Mashine husindika hewa chumbani, lakini si kama ya pwani. Ni kama ya mtu aliye juu ya mlima wa meta 2,000 na zaidi. Tulipotua Dar es Salaam chupa ilikuwa imebonyea yenyewe, kana kwamba mtu ameiminya. Bibi akaitia mkobani akaenda nayo Unguja, na watoto wa kule waliionyeshwa wote.

Toka Dar es Salaam tungaliweza kuruka tena, lakini Bibi akasema hewa imetosha, apewe maji. Tukapanda boti, mwendo wa saa mbili hivi.

Mdogo wake anakaa katika yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Tulipanda ngazi tukipumzika kila ghorofa. Mlango ulipofunguliwa hawakulia, wala hawakupiga vigelegele. Walitazamana, kisha mdogo akasema, "Shikamoo dada," naye akajibu, "Marahaba," wakaingia ndani kupika.

Kesho yake wajukuu walitutembeza mjini. Bibi alitaka sana kuiona Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883. Tulilikuta limezungushiwa mabati, kwa sababu sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba, 2020, ikaua watu wawili. Tukaenda Mkunazini, penye kanisa kuu la Kiingereza lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la mahali hapo lilipofungwa. Nje ya kanisa mna shimo, na ndani yake zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wale ndugu wawili walisimama pale muda mrefu, wameshikana mikono. Mimi nalikuwa na maelezo mengi ya kuwapa, nikayameza.

Usiku wa tatu Bibi akalisema lile neno, nami nikiwapo. Mama yao alifariki mwaka 1983. Miaka ile mafuta yalikuwa haba na safari ngumu. Bibi aliona mdogo wake hatafika, basi akapeleka simu ya maandishi baada ya maziko, halafu akawaambia watu wote kwamba aliipeleka siku ile ile ya msiba, ikachelewa njiani. Kwa miaka 41 hakuweza kuliandika, kwa kuwa alijua barua zake husomwa na watoto wa jirani.

Mdogo wake akaenda chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Dada, nami niliingia darasa la watu wazima, huku huku Unguja. Karatasi ya kwanza niliyoisoma peke yangu ni hii. Tarehe iko hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa hutakuja."

Nikatoka nje kwenye ngazi, nikawaacha. Nilisikia sauti zao mpaka usiku wa manane, na mara moja nilisikia kicheko.

Kwa kazi ya darasa: kila mmoja achukue kitambulisho chake, aandike jina lake lote kama lilivyo pale, herufi kwa herufi, kisha mwenzake alisahihishe. Juma lijalo tutasoma tikiti ya meli. Kwaherini.