Majibu ya Mawe Yetu Yako Wapi?

Wasikilizaji wetu, Serikali ya Tanzania inataka kupima nchi kwa ndege za utafiti wa madini, na shabaha yake ni hii: kutoka asilimia 16 ya nchi iliyopimwa kwa kina hadi asilimia 50 ifikapo 2030. Hatuna ugomvi na ndege. Wasiwasi wetu ni ule wa siku zote: mkoa wetu wa Kigoma ukishapimwa, majibu yatarudi Kigoma?

Tunauliza kwa sababu mawe yetu yalishapimwa. Mwaka 1995 Joseph Meert, Rob Van der Voo na Ayub walichapisha vipimo vya usumaku wa lava ya Gagwe, ya hapa kwetu. Ni jiwe la volkeno lenye vitundu vya mapovu ya gesi vilivyozibwa na madini mengine. Lilipoa miaka milioni 795 hivi iliyopita, na chembe za madini ya chuma ndani yake zikashika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo. Ukiujua mwinamo wa sumaku hiyo, unajua jiwe lilipoa umbali gani kutoka ikweta. Wanasayansi mpaka leo wanabishana: pande la kale la miamba liitwalo Kongo, ambalo nasi tumo, lilikuwa ndani ya bara kuu la kale la Rodinia au lilikaa nje? Katika ubishi huo, Gagwe ni shahidi.

Shahidi huyo nani anamjua hapa nyumbani? Majibu hayakurudi. Nenda Ujiji, mtoto atakuambia Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yapo. Muulize kuhusu Gagwe, atakutazama tu. Majibu hayakurudi. Nenda Manyovu, kwenye mawe mekundu yaliyopimwa vilevile. Kibao hakuna, maelezo hakuna. Majibu hayakurudi.

Tangu treni ifike hapa 1914 tunaitwa mwisho wa reli. Sawa, lakini tusiwe mwisho wa elimu!

Taasisi ya Jiolojia, mkileta ndege leteni na ramani, tena kwa Kiswahili, zibandikwe shuleni. Walimu wa jiografia, msingoje ndege: pelekeni watoto wakayashike mawe hayo kwa mikono yao. Nanyi madiwani, watendaji, wakuu wa shule, amkeni! Mtafiti akija kuripoti, mpeni sharti moja: afundishe kipindi kimoja kijijini kabla hajafunga mizigo. Akikataa, asiondoke na hata kokoto!